Shakwe na Majina Yake

Ndugu msomaji, makala haya yalianza kwa sentensi moja. Nilikuwa naandika riwaya yangu ya kwanza (ambayo mpaka leo haijaisha, usinicheke). Nikafika mahali ambapo kijana anaondoka kwao Ndundu kwa mtumbwi, anateremka na mto Rufiji hadi baharini. Nikaandika hivi: "Ndege wa baharini akapita juu yake akilia." Nikaona nimeandika kitu kizuri sana. Nikampelekea daftari rafiki yangu, ambaye tulimaliza naye kidato cha nne mwaka mmoja na sasa anauza vocha na soda barabarani. Akasoma, akanirudishia daftari, akaniuliza swali moja tu:

"Ndege gani?"

"Ndege wa baharini, bwana."

"Hana jina?"

Niliona haya. Jina ninalo, nikalitaja: shakwe. Akasema, "Sasa si ungeandika shakwe? Na hivi, kwa nini anaitwa shakwe?" Kisha akaja mteja akaniacha pale nimesimama na daftari langu.

Swali lile lilinisumbua kwa miezi. Nililifuata nikidhani ni swali la ndege, kumbe ni swali la watu. Nililolikuta huko njiani ndilo ninalotaka kukusimulia, na baadhi yake linanihusu mimi mwenyewe kwa namna ambayo sikuitarajia.

Kwanza ujue kwamba sisi wa Ndundu ni watu wa mto. Ukisikia Ndundu, unakumbuka kivuko. Zamani magari ya kwenda Kilwa, Lindi na Mtwara yalivushwa hapa kwa pantoni, na mto ukifurika abiria walilala njiani. Mwaka 2003 likafunguliwa Daraja la Mkapa, lenye urefu wa mita 970, na pantoni ikabaki hadithi ya wazee. Maji yetu ni baridi, hayana chumvi. Samaki wetu ni kambale na perege. Bahari iko mbali chini huko, ambako mto unagawanyika vidole vingi kama mkono na kuingia kwenye mikoko. Huko ndiko delta, ambayo sasa iko wilaya ya Kibiti. Shakwe ni ndege wa huko. Hapa kwetu hupita mmojammoja, akifuata mto kama mtu aliyepotea njia.

Basi nikaamua kumfuata kwao. Nina mjomba anayenunua kamba na samaki wakavu huko delta. Nikamwomba anichukue. Tulipanda gari mpaka Bungu, tukakata kulia mpaka Nyamisati, ambako watu hupandia boti za kwenda Mafia. Pale gatini maji yalikuwa yamekupwa, tope limebaki jeusi linang'aa, na juu ya tope wapo wao: shakwe kama thelathini, wengine wamesimama, wengine wanagombea matumbo ya samaki yaliyotupwa na akinamama. Kelele zao usiseme.

Nikamuuliza mjomba, "Mjomba, hawa kwa nini wanaitwa shakwe?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yanaitwa maji. "Mjomba, na wewe! Si ndiyo jina lao?"

Kweli, ndiyo jina lao. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1981, inalo, na mvuvi anayelitumia hajawahi kuifungua kamusi hiyo. Ni jina lisilo na kiambishi cha kulivunja. Tunasema shakwe amepita, shakwe wamepita, kama tunavyosema kunguru na bundi. Lakini majina ya ndege katika Kiswahili mara nyingi yanajieleza. Wapo waliopewa jina kwa sauti zao: tipitipi msikilize tu atakwambia mwenyewe anaitwa nani, na hondohondo vilevile. Wapo waliopewa jina kwa kazi zao: kigogota anagogota mti, basi kazi ndiyo jina. Kwa hiyo mtu akiuliza shakwe ni jina la namna gani, haulizi upuuzi.

Ndani ya boti siku ile alikuwapo mzee mmoja aliyevaa kanzu na koti, aliyesoma sana vyuo vya dini. Aliposikia mazungumzo yetu akaingia katikati. Akasema, "Kijana, hilo neno ni la Kiarabu. Shakwa, maana yake malalamiko. Msikilize anavyolia. Si analalamika huyo?" Abiria wakacheka, wakakubali. Na mimi nikafurahi mno. Nikaandika kwenye daftari: shakwe, mlalamikaji. Nikaona riwaya yangu imepata mabawa.

Lakini usiku nilipolala nikaanza kulipima lile neno. Ni kweli Kiarabu kina neno shakwa na maana yake ni malalamiko. Mzee hakusema uongo. Ila Waarabu wenyewe ndege huyu wanamwita nawras. Na sisi Waswahili tulipochukua neno la Kiarabu mara nyingi tulilichukua kwa kitu kilekile ambacho Waarabu wanalitumia. Samaki ni samak kwao. Bahari ni bahr. Kitabu ni kitab. Ingekuwaje basi tuwaachie jina lao la ndege, tuende tukachukue neno la barazani kwa kadhi, tumvike ndege ambaye wenyewe hawamwiti hivyo? Maneno mawili yakifanana sura si lazima yawe ndugu. Hata watu hufanana, na mmoja kazaliwa Kigoma na mwingine Lindi. Nikalifuta lile la mlalamikaji, kwa huzuni nakwambia.

Hata hivyo mzee yule alikuwa na sikio zuri, maana si yeye peke yake duniani aliyesikia kilio katika sauti ya shakwe. Huko Ufaransa magharibi wapo Wabretoni, watu wa pwani kama sisi, wenye lugha yao. Ndege huyu wao humwita gouelan, na katika lugha yao hiyohiyo kitenzi cha kulia machozi ni gouelañ. Walio jirani zao ng'ambo ya bahari, watu wa Wales, wanamwita gwylan. Kutoka kwa ndugu hawa wa lugha moja Waingereza walipata jina lao la leo, gull, kiasi cha miaka 600 iliyopita. Kabla ya hapo Waingereza walikuwa na jina jingine, mew, ambalo ni dada wa meeuw la Waholanzi na Möwe la Wajerumani. Hilo nalo inasemekana ni sauti tu: ndege analia myu, nao wakamwita myu. Wafaransa wao wakachukua yote mawili. Shakwe mkubwa ni goéland, kwa Wabretoni, na mdogo ni mouette, kwa watu wa kaskazini.

Wagiriki wa kale hawakusikiliza sauti, walitazama tumbo. Walimwita laros, na jina hilo kwao lilikwenda sambamba na ulafi. Aristophanes, mtunzi wa michezo ya kuchekesha wa Athene, alimwita mwanasiasa mmoja laros kwa kuwa alipenda kumeza mali ya umma. Hiyo ilikuwa mwaka 423 kabla ya Kristo. Ukifika Nyamisati ukawaona wanavyogombea utumbo wa samaki, na ukakumbuka baadhi ya wakubwa unaowajua, utaona Mgiriki naye hakukosea. Mwaka 1758 Linnaeus, mtaalamu wa Sweden aliyepanga majina ya viumbe vyote, akalichukua neno hilo la Kigiriki akaliandika kwa Kilatini: Larus. Tangu hapo shakwe wa dunia nzima wakaingia kwenye daftari la wataalamu kwa jina la mlafi.

Mpaka hapo, ndugu msomaji, mambo bado ni mazuri. Huyu kasikia sauti, yule kasikia kilio, mwingine kaona ulafi. Kila mmoja alisimama ufukweni kwake, akamtazama ndege, akasema alichokiona. Lakini baadaye ukaja utaratibu wa namna nyingine.

Chukua shakwe tunayemwona zaidi pwani hii. Mwili wake una rangi ya moshi, kichwa cha kahawia iliyokoza, miguu ya manjano, na mdomo wa manjano wenye mstari mweusi na ncha nyekundu. Huyu huzaliana kwenye visiwa vya Bahari ya Shamu, Somalia, na kaskazini kabisa mwa pwani ya Kenya, kisha hutawanyika kuja kusini kwetu. Jina lake la kitaalamu ni hemprichii. Wilhelm Hemprich alikuwa mtaalamu wa viumbe kutoka Prussia, aliyesafiri na mwenzake Ehrenberg katika Misri na pwani za Bahari ya Shamu kuanzia mwaka 1820. Alikufa kwa homa huko Massawa mwaka 1825, akiwa na umri wa miaka 28 au 29. Miaka 28 baada ya kifo chake, mwaka 1853, Mjerumani mwenzake aitwaye Bruch akampa ndege huyu jina la marehemu. Siku hizi wataalamu wamemhamisha kundi, wakamwandika Ichthyaetus, yaani kwa Kigiriki samaki na tai. Tai wa samaki! Furukombe wetu akisikia atawashitaki.

Chukua na yule mkubwa mwenye mgongo wa kijivu kilichokoza, anayekuja kwetu wakati kwao kuna baridi. Huyu kwao ni kaskazini ya Urusi, kwenye nchi tambarare ya barafu isiyo na miti. Jina lake ni heuglini. Theodor von Heuglin alikuwa Mjerumani vilevile, aliyewahi kukaa Khartoum, akaandika vitabu vikubwa juu ya ndege wa Afrika kaskazini-mashariki, kisha akasafiri mpaka bahari za barafu. Alikufa mwaka 1876, na mwaka huohuo daktari mmoja Mwingereza, Bree, akampa ndege jina lake.

Sisemi kwamba wataalamu hawa walikosea. Jina la kitaalamu lina faida yake. Mrusi, Mwomani na Mtanzania wakiandika heuglini wanajua wanazungumza juu ya ndege mmoja. Mwaka 2004 eneo letu la Rufiji, Mafia na Kilwa liliingizwa katika orodha ya Ramsar, ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, na wanaokuja kuhesabu ndege wanajaza fomu zao kwa majina hayo. Ninachosema ni hiki: katika jina hilo hakuna sauti ya ndege, hakuna tabia yake, wala hakuna tope la Nyamisati. Ukilivunja jina ukatazama ndani, unamkuta binadamu.

Sasa nifike kwenye jambo lililonikosesha usingizi kweli.

Nilikuwa nasoma juu ya vita ya Wajerumani na Waingereza katika delta yetu. Kisa chenyewe kinajulikana: manowari Königsberg ilijificha kwenye mikondo ya Rufiji. Hata watoto wa kwetu wanakijua, wakikisimulia kama mchezo wa mpira. Mimi nilitaka kujua jambo moja dogo. Meli kubwa namna ile ilijuaje njia? Mikondo ile mvuvi mgeni tu anakwama. Nikapata jibu, na jibu likanishtua. Wajerumani walikuwa na meli ya kupima bahari, iliyokuwa imepita huku muda mfupi kabla ya vita, ikapima vina vya maji na kuchora ramani. Jina la meli hiyo lilikuwa Möwe.

Möwe. Shakwe.

Nikarudi nyuma kutafuta, nikakuta kuna Möwe nyingine kabla ya hiyo. Ilikuwa manowari ndogo ya mwaka 1879. Mwezi wa Julai mwaka 1884 ilimchukua Gustav Nachtigal katika pwani ya Afrika Magharibi, akatangaza Togo na Kamerun kuwa chini ya Ujerumani. Kisha ikaletwa upande wetu. Mwaka 1888, pwani ilipoinuka chini ya Abushiri bin Salim wa Pangani na Bwana Heri wa Saadani, Möwe ilikuwa miongoni mwa manowari za Kijerumani zilizokuja kuwapiga. Nyingine katika vita hiyo iliitwa Schwalbe, yaani mbayuwayu. Wajerumani wa wakati ule walikuwa na mazoea ya kuzipa manowari zao ndogo majina ya ndege.

Mwaka 1905 mazoea hayo yalifika karibu kabisa na nyumbani. Maji Maji ilipoanza, serikali ya Kijerumani ilikuwa na manowari moja tu karibu, nayo iliitwa Bussard, ndege wa jamii ya mwewe. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka huo. Mohoro ni jirani yetu hapa. Kikosi cha mabaharia wa Bussard, kikiongozwa na luteni kijana aitwaye Hans Paasche, kililetwa Rufiji kupigana na babu zetu. Huyu Paasche baadaye alibadilika, akawa mpinzani mkubwa wa vita na ukoloni, akaandika kitabu cha kuwakejeli Wajerumani wenzake kwa kumtumia msafiri wa kubuni kutoka Afrika, Lukanga Mukara. Mwaka 1920 wanajeshi wa nchi yake mwenyewe walimpiga risasi nyumbani kwake. Hiyo ni riwaya nyingine, Mungu akinipa umri.

Turudi kwa Möwe ya pili. Ilishushwa majini mwaka 1906, na ilijengwa makusudi kwa ajili ya kupima. Ukiitafakari kazi yake utaona ni kazi ya kimya kabisa. Haipigi mzinga. Mabaharia wanateremsha bildi, wanasoma kina, wanaandika namba. Wanasogea, wanateremsha tena. Mvuvi wa Salale akiwaona atadhani wanatafuta samaki. Kumbe namba zile ndizo zilizoamua delta itakuwa nini.

Vita ilipoanza Agosti 1914, Waingereza walifika Dar es Salaam na manowari Astraea. Wajerumani wakaizamisha Möwe yao wenyewe bandarini ili isichukuliwe, na baadhi ya mabaharia wake wakapelekwa Kigoma kupigana ziwani. Shakwe mwenyewe kafa, lakini alichopima kikabaki. Tarehe 20 Septemba 1914 Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus pale Zanzibar. Kisha ikarudi ikaingia Rufiji, ikapanda mto kwa ramani zile. Waingereza walikuwa na ramani za zamani, hawakudhani meli kama hiyo inaweza kupita. Waliitafuta mpaka mwisho wa Oktoba ndipo wakaigundua imefichwa nyuma ya mikoko.

Ikawa miezi minane ya kuzingirwa. Mwezi wa Novemba Waingereza walizamisha meli ya makaa, Newbridge, katika mkondo wa Suninga ili kuziba njia. Mwezi wa Januari 1915 wakaiteka Mafia, wakaifanya kituo chao. Mwisho wakaleta manowari mbili za pekee, Severn na Mersey, fupi za kina, zenye uwezo wa kuingia mtoni, na ndege za kuruka angani za kuwaonyesha mahali pa kulenga. Tarehe 6 Julai walishindwa. Tarehe 11 Julai 1915 Königsberg ikaisha, na nahodha wake Looff akaamuru ilipuliwe. Lakini mizinga yake kumi Wajerumani waliitoa, ikakokotwa na watu kutoka delta, ikatumika katika vita ya nchi kavu. Mmoja upo mpaka leo Fort Jesus, Mombasa, watalii wanaupiga picha.

Waliokokota majina yao sikuyaona katika kitabu chochote nilichosoma. Majina ya meli yameandikwa yote. Majina ya manahodha yote. Hata shakwe aliandikwa, maana aliandikwa ubavuni mwa meli kwa herufi za Kijerumani. Wakati huohuo shakwe wa kweli walikuwa juu ya tope palepale, wanagombea matumbo ya samaki, na watu wa delta wanawaita jina lao la kila siku, na hakuna aliyewauliza.

Nilipofika hapo nilikasirika sana. Nikakusudia kuandika makala makali juu ya wageni waliokuja kupachika majina. Nilikwisha hata kuandika ukurasa mzima. Ndipo nikamkumbuka bibi yangu.

Bibi, mzaa mama, alikuwa Mndengereko. Kiswahili alikijua vizuri, lakini akiwa shambani au mtoni lugha iliyomtoka ni Kindengereko. Siku moja, nadhani nilikuwa darasa la tano, tulikuwa tumekaa kingo za mto anaosha vyombo. Akapita ndege mweupe chini chini juu ya maji, mmoja wa wale wanaopotea njia. Bibi akanyoosha kidole akamtaja kwa jina. Jina la kwao. Na mimi, mwanafunzi hodari, niliyekuwa nimetoka kusoma neno hilo shuleni wiki ileile, nikamwambia: "Bibi, siyo hivyo. Huyo anaitwa shakwe."

Hakubisha. Alicheka kidogo, akasema, "Haya, shakwe, mwalimu." Akaendelea kusugua sufuria.

Bibi amefariki. Lile neno silikumbuka. Nimejaribu usiku mwingi, nalala chali, namwona bibi, naona sufuria, naona kidole chake, namwona na ndege. Mdomo wake unafunguka, na sauti haitoki. Nimemuuliza mama, yeye alikulia Dar es Salaam. Nimewauliza wazee wawili watatu wa hapa, kila mmoja ananiambia "shakwe", kisha ananitazama kwa huruma.

Basi ule ukurasa wa hasira nikauchana. Hakuna meli ya Kijerumani iliyokuja kumnyang'anya bibi neno lake. Nililiondoa mimi, kwa adabu zote, nikidhani namsaidia. Na jambo linalouma ni kwamba neno nililompa halikuwa baya. Shakwe ni neno letu la pwani, kutoka Lamu mpaka Mtwara wanalielewa, na mimi silikatai. Kiswahili hakikunituma nimnyamazishe bibi. Nyumba moja ingeweza kukaa maneno mawili, kama Mfaransa alivyokaa na goéland na mouette bila kugombana.

Wapo watakaosema: jina la ndege tu, litakuongezea nini? Hata mimi nilidhani hivyo. Lakini fikiri. Mto wetu unabadilika. Bwawa kubwa la umeme huko juu lilianza kujazwa Desemba 2022. Mikoko inakatwa. Vijana wanapanda basi la alfajiri kwenda mjini na hawarudi. Ikiwa siku moja shakwe hawatakuja Nyamisati, nani atagundua? Atagundua yule aliyekuwa anawaita kwa jina. Mtu anayesema "ndege wa baharini" tu hataona kilichopungua, maana ndege wengine watakuwapo. Jina ndilo linalokufanya uulize, "Mbona fulani haonekani siku hizi?"

Kwa hiyo nimeanza kazi. Nimenunua daftari jipya, la kurasa 96. Upande wa kushoto naandika ndege au samaki au mti kwa Kiswahili. Upande wa kulia naandika alivyoitwa na mtu mwenyewe niliyemuuliza, awe Mndengereko, Mmatumbi au Mnyagatwa wa huko delta, pamoja na kijiji na tarehe. Lugha ya Kindengereko imekwisha andikiwa kitabu cha sarufi na mtaalamu wa Sweden, Eva-Marie Ström, mwaka 2013. Ikiwa mtu katoka Sweden kuja kutusikiliza, mimi wa Ndundu nashindwaje kuvuka daraja? Mpaka sasa nina maneno 41. Mstari wa shakwe, upande wa kulia, bado mweupe. Nimeuacha hivyo makusudi.

Nawe kijana mwenzangu unayesoma gazeti hili, kama bado una bibi au babu, usingoje mpaka uwe mwandishi. Leo jioni kaa naye, mwonyeshe ndege yeyote apitaye, muulize anaitwaje. Akisema neno usilolijua, usimsahihishe. Liandike.

Safari ile ya Nyamisati nilimaliza kwa kumuuliza mjomba tena, tukiwa tunarudi: shakwe wana faida gani kwa wavuvi? Akasema, "Ukiwaona wamekusanyika mahali wanapiga mbizi na kelele, jua samaki wapo chini. Unapeleka chombo huko." Kisha akaongeza, "Sisi tunamwita shakwe, lakini ukweli yeye ndiye anayetuita."

Niliporudi Ndundu nikafungua riwaya yangu mahali palepale. Nikafuta, nikaandika upya: "Shakwe akapita juu yake akilia, na kijana akajua kwamba chini ya maji yale samaki wapo." Nikampelekea rafiki yangu pale kibandani. Akasoma mara mbili, kidole kinafuata maneno.

"Huyu sasa namwona," akasema. Akanipa soda bure, jambo ambalo hajalifanya tangu tumalize shule.